Mstari wa Waliofumba Macho

"Mama, umekuwa mtu maarufu," alisema binti, na kwa haraka aliyokuwa nayo hata salamu akaisahau mlangoni pamoja na viatu.

Mama yake alikuwa kwenye kochi, anapachika kifungo kwenye shati la mkwewe, kazi ambayo angeweza kuifanya usingizini. Hakuinua kichwa. Binti huyu alikuwa na desturi ya kuleta habari kubwa kila Jumamosi, na habari yenyewe ikishafunguliwa unakuta ni pazia jipya.

"Maarufu wa wapi? Hata duka la hapo kona wananiita mama nanihii."

"Mtandaoni. Hebu vaa miwani uone."

Alivaa miwani. Simu ikawekwa mbele ya jicho lake zima, maana binti alijua upande wa kuiweka. Ilikuwa picha ya kiwandani, ile ile iliyoning'inia ukutani kwenye ujia wa kwenda jikoni tangu binti hajazaliwa: wanawake wa mstari wa mashati wamesimama mbele ya mlango wa stoo, maovaroli ya rangi moja, vilemba vimefungwa namna moja, na wote wamefumba macho. Wote isipokuwa mmoja, wa mwisho upande wa kulia, aliyekuwa ametazama kamera wazi wazi huku anacheka mpaka ufizi unaonekana. Huyo alikuwa yeye. Kiwandani walimwita Kifungo kwa sababu ya kazi yake, na jina likamganda.

Lakini picha ilikuwa imechezewa. Wenzake wote walikuwa wamepakwa rangi ya kijivu, uso mmoja na mwingine usitofautiane, na yeye peke yake ameachiwa rangi zake na kuzungushiwa duara jekundu. Juu ya mstari pameandikwa WATU WENGI. Kando ya duara pameandikwa KUWA HUYU.

"Nani kawapaka majivu wenzangu?" aliuliza Kifungo.

Binti alieleza, maneno yakigombania mlango. Aliiweka picha mwenyewe, siku ya kuzaliwa ya mama, kwa nia njema kabisa. Mtu akaichukua, mwingine akaiandika, na sasa haina mwenyewe. Kila anayetaka kusema kwamba wenzake hawafikiri, ni kondoo, wanafuata mkumbo, anatupia picha hii na mambo yanaisha. Aliisogeza kwa kidole, moja baada ya nyingine. Mashabiki wa timu fulani. Watu wanaojiunga na foleni kabla ya kuuliza kinauzwa nini. Darasa zima mwalimu akiuliza "mmeelewa?" Hapo Kifungo alicheka, hakuweza kujizuia, maana hilo darasa alikuwa amelisoma.

"Unaona? Wewe ndiye pekee uliyekataa," alisema binti kwa fahari. "Ndiyo maana na mimi siwezi kufuata mkumbo. Nimekurithi."

Kifungo alimtazama: nywele zimesukwa kama za wenzake wote wa ofisini, simu ile ile, kifuniko kile kile chenye kijipete cha kushikia nyuma. Mtoto wako ukiwa unampenda kuna maneno unayameza tu na mate.

"Na huyu ndiye kiboko," binti aliendelea. "Wamemkata, wamemfanya stika. Tazama anavyotingishika."

Alikuwa mwanamke wa katikati ya mstari, aliyebana macho kwa nguvu zake zote na kuvimbisha mashavu, kama mtoto anayeoshwa uso kwa sabuni. Chini yake maneno yalirukaruka: NDIYO BOSI. NDIYO BOSI. Sindano ikamchoma Kifungo kidole.

"Huyo ni Pasi," alisema.

"Mama mkubwa Pasi? Yule unayempigia kila Jumapili?"

Kila Jumapili, ndiyo, ila Jumapili za karibuni simu ililia mpaka ikachoka. Kifungo alikuwa amesingizia mtandao, kisha akasingizia wajukuu, ambao kwa kawaida ndio hulaumiwa simu ikipotea. Kati ya wanawake wa kwenye picha ile wengi walikuwa wametangulia, wengine walikuwa wamehamia kwa watoto wao mbali na namba zao zimekufa. Aliyebaki wa kumwita kwa jina la kiwandani alikuwa Pasi peke yake. Akimpoteza huyo, Kifungo hatakuwapo tena mdomoni mwa mtu yeyote, atabaki mama nanihii.

"Watu wanauliza uko wapi," binti alikuwa anasema. "Nataka nikurekodi kidogo tu. Useme kwa nini ulikataa kufumba macho wakati wote wanafumba."

"Nani kakwambia nilikataa?"

"Si inaonekana?"

Kifungo alikata uzi kwa meno, akalikunja shati, akasimama. "Nipeleke kwa Pasi. Kama kuna la kusema nitalisema huko."

Garini binti aliongea na Kifungo akawa anaitikia "mm" mahali pake. Mawazo yake yalikuwa kiwandani. Walipita hata jengo lenyewe, ambalo siku hizi linauza vigae, na akageuza shingo mpaka likaisha.

Ah, ule mstari! Shati liliingia upande mmoja likiwa vipande vya kitambaa, likatembea kutoka meza hadi meza, huyu kola, huyu mikono, huyu pindo, likafika kwa Kifungo kuwekwa vifungo, na mwisho likatua kwa Pasi, aliyekuwa na mikono kama ya mpiga makasia na sauti ya kuvuka mashine zote. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba walijifunza kusomana midomo. Walisengenyana kutwa nzima mbele ya Msimamizi, naye akitembea nyuma yao mikono mgongoni, anawasifu kwa utulivu wao.

Na mstari ulikuwa na jambo lake moja ambalo hakuna aliyewahi kulitamka. Mmoja akilemewa, wote walipunguza mwendo. Aliyekesha na mtoto mwenye homa, aliyefiwa akarudi kazini kabla machozi hayajakauka, aliyekuwa mjamzito miguu imevimba: hakuna aliyemwambia pole, ila mkono wa mshona kola ulianza kwenda taratibu, na wa mshona mikono ukafuata, mpaka mwisho kabisa Pasi akawa anashusha pasi kama mtu anayelaza mtoto. Msimamizi aliona watu wote wamepungua kwa pamoja, hana wa kumnyooshea kidole, basi akaenda kulaumu umeme. Fundi umeme wa kiwanda alipanda ngazi mara nyingi sana kutafuta hitilafu iliyokuwa na mimba ya miezi saba.

Kisha sindano ya mashine ya vifungo ilikatika, kipande kikaruka, kikamwingia Kifungo jichoni. Alikuwa msichana, hajaolewa. Aliporudi kutoka hospitali jicho la kushoto lilikuwa limebaki jeupe kama ganda la yai, na ilimbidi ageuze kichwa kama kuku ili alione tundu la sindano. Mstari mzima ulipunguza mwendo. Haukupunguza siku moja wala mbili. Ulikwenda naye pole pole mpaka mikono yake ilipojifunza upya, na hakuna siku mtu alimwangalia kwa namna ya kumkumbusha. Lakini nje ya kiwanda watu waliangalia. Kifungo aliacha kucheka, akaanza kutembea karibu na kuta, upande mbovu ukiwa ukutani.

Ni wakati huo Meneja alipotaka picha ya kalenda ya kuwapa wateja. Alipita mezani kwa Kifungo na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye akae stoo kidogo, maana picha ni ya wateja na wateja wanapenda kitu cha kupendeza macho. Upole ule ndio uliomuumiza. Angemfokea, angalau angekuwa na mtu wa kumchukia.

Pasi alimkuta stoo, amekaa juu ya boksi la makola.

"Simama. Unapiga picha."

"Na jicho?"

"Utafumba."

"Nionekane peke yangu nimefumba, kama maiti?"

"Peke yako nani kakwambia?" Pasi alimfunga kilemba upya, akakibana kama cha wengine. "Nimeshapitisha maneno mstari mzima. Mpiga picha akisema mbili, wote tunafumba. Meneja amekwenda kuvaa koti lake. Twende kabla hajamaliza kulifunga."

"Mama, tumefika," alisema binti.

Nyumba ya Pasi ilikuwa na mlango wa kijani uliopauka na mapazia yamevutwa mchana kweupe. Kifungo alibisha hodi. Mguu ukaburuzwa ndani, kisha kimya.

"Nani?"

"Mimi. Kifungo."

"Sipo."

"Kama hupo, nani ananijibu?"

"Mwingine."

"Basi mwambie huyo mwingine afungue, magoti yananiuma."

Mlango ulifunguka kidogo, kwa kununa. Pasi alikuwa amejitanda mtandio mpaka puani, kama anayepita kwenye vumbi, na mikono ile ya makasia ilikuwa imepungua. Binti alimwamkia, akaitikiwa marahaba yenye ukungu. Chai ikaletwa. Pasi aliinywa kwa kupenyeza kikombe chini ya mtandio, akageukia ukutani, na Kifungo alipomwona akiuchagua ukuta namna ile alijua. Alikuwa ameufanya mwenyewe mchezo huo.

"Una nini, shoga?"

"Kiharusi." Pasi alisema kana kwamba ni jina la mgeni mchafu aliyepita. "Kidogo tu. Mkono umerudi, mguu unarudi. Mdomo ndio umegoma, umekwenda upande na hautaki kusikia la mtu."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie nini, na maneno yenyewe yananitoka kwa pembeni?" Alikitua kikombe. "Halafu wajukuu wakanionyesha ile stika. Hawakujua ni mimi. 'Bibi, mwone huyu mama!' Nikacheka nao, ningefanyaje? Wakaniwekea tena. Sasa fikiria, Kifungo. Uso ule, nilipokuwa mzuri wa kugeuza watu shingo, ndio wanaucheka. Na huu?"

Binti alikuwa ameacha kunywa. Alitazama zulia, na simu yake aliigeuza kifudifudi juu ya paja.

"Na wewe," Pasi aliongeza, na hapa sauti ilikuwa na mwiba, "si ndiye mwenye akili? Kuwa huyu, wamesema. Sisi ni wa 'ndiyo bosi, ndiyo bosi'. Nikasema acha nisimsumbue mtu maarufu."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na Kifungo alikiona waziwazi. Alisikia uchungu, na hasira kidogo pia, maana mtu umjue umri wote kisha akudhanie hivyo. Lakini hasira haikukaa. Alimgeukia binti yake.

"Ulitaka kunirekodi. Washa hiyo simu yako."

"Mama, si lazima sasa..."

"Washa."

Binti aliwasha. Kifungo aliitazama simu kwa jicho moja na kuikodolea jingine, kama alivyozoea.

"Mnauliza kwa nini sikufumba. Nilifumba. Walisema watafumba wote ili jicho langu lisionekane, na mimi nikafumba, lakini sikuwaamini. Ukilia watu wanakuahidi mambo mengi. Nikasema hawa wananifariji tu, watafumba wawili watatu, wengine watataka kupendeza kwenye kalenda. Basi aliposema mbili nikachungulia."

"Ulichungulia!" alisema Pasi.

"Nikageuza shingo kuutazama mstari. Nikaona wamefumba wote. Wote kabisa! Wasichana waliokuwa wanatafuta wachumba, waliojipaka poda tangu asubuhi kwa ajili ya picha ile, wamefumba. Na huyu hapa katikati amebana macho, mashavu yamevimba, anakaribia kupasuka. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu hospitali. Nikageuka mbele nikiwa nacheka na macho yote mawili wazi, zima na bovu, na mpiga picha akabonyeza." Aliinyooshea simu kidole. "Hao mliowapaka majivu hawakuwa wamelala. Walikuwa wamefumba kwa ajili yangu, na wasingefumba wao, mimi ningekuwa stoo na maboksi. Imetosha, zima."

Binti hakuzima mara moja. Alikuwa anajifuta shavu kwa kiganja. "Hukuwahi kuniambia, Mama."

"Hukuwahi kuuliza. Uliuliza tu kwa nini fremu imepinda."

Pasi alikuwa bado kule kwenye mstari. "Umri wote huu nilidhani ulichelewa kufumba," alisema polepole. "Kumbe ulikuwa unatukagua!"

"Nilikuwa nawakagua."

"Mkaguzi mkubwa wewe! Na Meneja alivyokuja juu! 'Nimewapeleka kupiga picha mmepiga usingizi!'"

"Kalenda ikatoka na shati limetundikwa peke yake."

"Na shati lenyewe lilikosa kifungo cha juu!"

Pasi alicheka, mtandio ukamteleza mpaka kidevuni. Kwa nukta moja walimwona, mdomo umevutwa kwenda sikioni kama uzi uliokazwa kupita kiasi, kisha mkono wake ukapanda mbio na kuufunika. Kicheko kikafa. Akawa anauangalia ukuta tena.

Kifungo alisogea kwenye kiti kirefu mpaka mabega yao yakagusana. Pasi alinukia dawa ya kuchua, na chini ya dawa, kwa mbali, joto la nguo iliyopigwa pasi, au labda ni pua ya Kifungo iliyotaka iwe hivyo.

"Tupige picha," alisema.

"Una wazimu."

"Ya kwetu tu. Haendi nayo popote." Alimtupia binti jicho, na binti akatikisa kichwa kwa kiapo.

"Nimesema una wazimu. Na mdomo?"

"Mimi nitafumba macho."

Pasi alimgeukia binti. "Na huyo mwenye simu?"

"Nafumba na mimi, mama mkubwa," alisema binti, yule yule asiyefuata mkumbo. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaielekeza kwao kwa kukisia, na akafumba kweli, kope zikitetemeka.

"Itatoka imepinda," alinung'unika Pasi.

"Itakaa vizuri na ile nyingine."

"Utachungulia, Kifungo. Mimi nakujua sasa. Umejitangaza mwenyewe."

"Sichungulii. Hesabu wewe."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha chuma barabarani, kelele ikaja ikaondoka. "Moja," alisema Pasi, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. Kifungo alinyoosha mgongo. "Mbili." Akafumba.

Gizani alisikia Pasi anavuta pumzi. Kisha mtandio ukashuka, kitambaa kikiteleza juu ya kitambaa, na mkono mzito ukamzunguka shingoni. Haikusikika tatu. Kilichosikika ni kicheko, kile kile kilichovuka mashine zote, sasa kikivuja hewa kidogo upande mmoja. Kifungo alitamani kukiona kuliko kitu chochote. Alibana macho kwa nguvu zake zote, akavimbisha mashavu, akakaa hivyo hivyo hata baada ya simu kulia kwamba imeshapiga.